Mama wa Baba Yangu

Hadi nilipotimiza miaka ishirini na sita, baba yangu aliniita mama. Hakuwa ananitania wala kunibembeleza. Nilikuwa binti wa kwanza katika nyumba ya Wakamba, nikapewa jina la mama yake, aliyefariki miezi miwili kabla sijazaliwa, na kwa imani ya nyumba yetu jina hilo lilikuja na mwenyewe. Baba aliposema "Mwaitu", yaani mama, alimaanisha hivyo hasa, nami niliitika bila kuona ajabu yoyote. Jina la ubatizo nilikuwa nalo pia, lakini hilo lilikuwa la shuleni na kanisani.

Tuliishi Makongeni, Nairobi, katika nyumba za wafanyakazi wa reli: vyumba viwili, jiko la nje, na bomba tuliloshirikiana na majirani. Baba alikuwa karani wa mizigo, mtu mpole mwenye mwandiko mzuri, na hakufanya jambo kubwa bila kuniarifu. Kuku akichinjwa, nilipewa vipande laini kwa sababu bibi alikufa hana meno. Mimi nilikuwa na meno yote na nilitamani paja. Shangazi akija kutoka Machakos aliniletea ugoro, na nilipofika darasa la tatu nilikuwa na vikopo vinne chini ya kitanda. Baba akiwa na safari, au mtihani wa kupandishwa cheo, aliinama mbele yangu kabla ya kutoka, nami nikamtemea mate kidogo kifuani, ndiyo baraka ya mzazi. Katika mtihani ule alianguka mara mbili, na mara zote mbili nilihisi kwamba nilikuwa nimetema vibaya.

Mama alikuwa mtu mwingine kabisa. Jina langu hakulitamka, maana mke hatamki jina la mama mkwe wake. Aliniita "mwenye nyumba", na wageni wakadhani anatania. Hakunichapa hata siku moja. Wadogo zangu walichapwa kwa mwiko, kwa kandambili, kwa chochote kilichokuwa karibu, na baada ya saa moja ungewakuta wamelala mapajani pake. Mimi nikivunja kikombe, alikusanya vipande akanyamaza. Nikiugua malaria, aliweka uji kwenye stuli karibu na kitanda akatoka. Sijui kama Wakamba wote waliishi hivyo. Nyumbani kwetu ndivyo ilivyokuwa, na hakuna aliyenieleza kwa nini.

Nywele nilisukwa na jirani, mke wa fundi wa reli, mama wa kutoka magharibi mwa nchi mwenye vidole vya haraka na mdomo wa haraka zaidi. "Leta hiyo kichwa hapa," alikuwa akisema, akinibana kati ya magoti yake. "Kwani mamako mikono iliisha? Ama ni wewe mkubwa wake?" Yeye alikuwa anacheka tu. Mimi pale chini nilisikia harufu ya sabuni ya kufulia kwenye leso yake, nikatamani asimalize.

Niliwaonea wivu wadogo zangu walipochapwa. Najua jinsi maneno hayo yanavyosikika, lakini ndiyo kweli.

Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa nasomea shahada ya uzamili katika fasihi ya Kiswahili, bado nikikaa nyumbani, na nilitaka chumba. Nilikuwa nimepata kazi ya kufundisha kwa muda katika shule ya upili mtaa wa Baba Dogo, na huko nilikuwa nimeona chumba katika ploti ya vyumba vya kupanga iliyo nyuma ya viwanda. Kilikuwa na dirisha moja na mlango unaofungika kwa ndani. Mwenye ploti alikubali kunisubiri mpaka mwisho wa mwezi. Nilipomweleza baba, aliweka kijiko chini akacheka kidogo, kama mtu aliyesikia jambo lisilowezekana.

"Mwaitu," akasema, "mama anatoka vipi kwa mwanawe?"

Kuolewa kungezungumzika, maana bibi naye aliwahi kuolewa. Lakini mama mzee kuhama nyumba ya mtoto wake akakae peke yake, watu wangesema mtoto amemtupa. Baba aliona aibu ya kweli, aibu ya mwana. Kutoka Makongeni hadi Baba Dogo mtu mwenye viatu vizuri anaweza kwenda kwa miguu, na mimi nilikuwa kijana mwenye afya, lakini hayo hayakuwa na uzito wowote mezani. Sikubishana. Nilirudi kwenye tasnifu yangu, ambayo ilikuwa njia yangu ya kubishana na watu bila wao kujua.

Nadharia niliyochagua ilikuwa ya uchanganuzi wa nafsi. Siku zile ilikuwa imeingia idarani kwetu kwa kishindo, na kila mwanafunzi alikuwa anamlaza mhusika wake kwenye kochi la daktari wa nafsi. Nikiiondolea mapambo, msingi wake ni kwamba mtu hujifichia mambo yake mwenyewe, na yale yaliyofichwa hutafuta mlango mwingine wa kutokea. Mada yangu ilikuwa shinikizo la familia na utambulisho wa mwanamke katika riwaya. Nilikuwa nimeona kwamba katika riwaya nyingi nilizosoma, msichana huulizwa yeye ni wa nani kabla hajaulizwa yeye ni nani, na mara nyingi swali la pili halifikiwi kabisa. Nililiandika hilo kwa ukali mwingi. Halikunijia hata mara moja kwamba nilikuwa naliandika nikiwa nimekalia kiti ambacho baba alikiita kiti cha mama.

Riwaya niliyoichunguza zaidi ilihusu msichana ambaye dada yake anakufa akijifungua, na ukoo unaamua kwamba yeye achukue nafasi ya marehemu: mume, watoto, hata shamba la mihogo. Asubuhi ya kuondoka, mama yake anatoa nguo ya marehemu sandukuni, anaikunja upya, anampa bintiye bila kumtazama. Tukio lote lina sentensi sita. Mimi niliandika kurasa kumi juu yake.

Katika kurasa hizo nilithibitisha, kwa istilahi na tanbihi, kwamba mama yule hakumpenda bintiye. Nilieleza jinsi msichana asiyetazamwa na mama yake anavyokosa kioo cha kujionea, akaishia kuwa chochote anachoambiwa awe. Hilo la mwisho bado naliona kuwa kweli. Sura ile niliiandika haraka kuliko nyingine yoyote, mezani pale Makongeni, huku mama akipita nyuma yangu na sufuria.

Msimamizi wangu alikuwa mzee mfupi aliyevaa sweta hata wakati wa joto. Alizisoma kurasa zile kumi mimi nikiwa nimekaa mbele yake, jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kulifanya. Alipomaliza alivua miwani.

"Umejuaje kwamba hampendi?"

"Hamtazami, mwalimu."

"Hamtazami, ndiyo. Hilo limeandikwa. Hili la pili limeandikwa wapi?"

Nilifungua riwaya nikatafuta, kana kwamba ningelikuta limeongezwa. Alinisubiri. Nilipofunga kitabu alisogeza kurasa zangu upande wangu wa meza.

"Hizi si za msichana wa riwaya," akasema. "Ni za nani sijui, na sikuulizi. Lakini umemlaza mhusika kwenye kochi, halafu ukalala wewe." Alivaa miwani tena. "Kamsomee tukio hili mtu ambaye hajasoma nadharia yoyote. Usimfafanulie. Soma tu, kisha nyamaza."

Nilikasirika siku mbili nzima. Kwa nadharia ileile niliyokuwa nikiitetea, hasira hiyo ilipaswa kunifahamisha jambo, ila mtu hajichanganui akiwa amenuna. Siku ya tatu, Jumamosi mchana, nilimkuta mama amekaa kwenye mkeka nje ya jiko, anachambua ndengu kwenye ungo. Baba alikuwa kazini. Nilimwomba nimsomee kitu cha shule, akasema nisome, mikono yake haisikii.

Nilimsomea yale ya sandukuni, zile sentensi sita tu. Kisha, kwa kuwa sikuweza kutii hadi mwisho, nikamsomea pia ukurasa wangu wa kwanza, ule unaosema kwamba mama yule alikosa upendo. Mama aliendelea kuchambua. Alitoa kijiwe, akakitazama, akakitupa.

"Wewe ndiye umeandika hivyo?"

"Ndiyo."

"Basi hukuelewa. Huyo mama angemtazama, angemwona nani ndani ya ile nguo?" Alipepeta ungo kidogo. "Angemwona yule aliyekufa. Ndiyo maana alitazama pembeni. Alikuwa anaogopa."

Nilidhani amemaliza, nikaanza kukunja karatasi zangu. Hakuwa amemaliza. Alinieleza, kwa sauti ileile ya kuulizia bei ya nyanya, jinsi alivyopelekwa kwa bibi yangu Machakos akiwa na miaka kumi na tisa, baba akiwa huku Nairobi relini. Miaka mitano alikaa kule bila kushika mimba, na bibi hakumsahaulisha hata siku moja. Chakula alichopika kilimwagiwa mbwa mbele ya wageni. Maji aliyoteka yalinuswa kwanza. Alipopata mimba yangu, bibi aliuliza ni ya nani.

"Alipokufa sikulia," mama alisema. "Nilijipaka mate machoni ili watu waone maji. Nilikuwa na mimba ya miezi saba. Nikajiambia, sasa nitapumua. Halafu ukazaliwa msichana. Watu wa baba yako wakaja, wakakufunua nguo, wakakutazama, wakasema, karudi."

Aliacha kuchambua.

"Nilikunyonyesha nikiwa nimefumba macho. Nikishika nywele zako nilikuwa naona zake. Baba yako akikuita mama, mimi hapo nyuma namsikia yeye akiitika. Sasa wewe unasema kupenda. Ungeniuliza kama nakupenda, nisingejua. Nilikuwa nakuogopa. Mtu utamchapaje unayemwogopa?"

Nilikuwa na istilahi: kuna neno la kitaalamu la hisia zinazomhusu mtu mmoja kuhamia kwa mwingine, na nilikuwa nimelieleza vizuri katika sura ya pili, kwa mifano. Neno hilo halikunisaidia chochote pale kwenye mkeka. Niliumia, tena niliumia vibaya, kwa sababu hakuwa amesema kwamba alinipenda wakati wote huo kwa siri. Nilikuwa nimengoja aseme hivyo. Lakini pia kifua changu kilikuwa kimepata nafasi, kwa sababu kosa nililolitafuta ndani yangu tangu utotoni halikuwamo. Aliyeogopwa alikuwa mwingine, na alikuwa ameshakufa.

Nilikaa nikamsaidia kuchambua. Tulipokaribia kumaliza akaniuliza kama kile chumba cha Baba Dogo kina dirisha. Nikasema kinalo. Akauliza linatazama wapi, nikamwambia linatazama ukuta wa kiwanda cha plastiki, akasema si neno.

Kesho yake, baada ya kanisa, baba alitukalisha sebuleni tuzungumzie kile chumba. Alikuwa bado amevaa tai.

"Mwaitu," aliniambia, "nimekukosea wapi? Sema, nirekebishe."

Mikono yake ilikuwa magotini. Hiyo ndiyo iliyokuwa shida ya baba yangu, kwamba hakuwahi kunilazimisha. Baba anayefoka unaweza kumfokea, na riwaya zimejaa mabinti waliofanya hivyo wakaondoka na mabegi yao. Huyu wangu aliniomba msamaha kwa kosa ambalo hakulijua, akiwa na mvi, na macho yake yalikuwa ya mtoto anayeachwa sokoni. Nilikuwa nimeandaa hotuba juu ya haki ya mtu kuwa yeye mwenyewe. Niliitafuta, nikaikuta imeyeyuka.

Badala yake niliona njia ya mkato. Nikiwa mama yake, nilikuwa na uwezo wa kumwamuru. Ningesema tu: mwanangu, nimechoka na kelele za garimoshi, nipe ruhusa nikapumzike mahali, naye angeinamisha kichwa akatii, na hata aibu mbele ya watu ingeisha, kwa kuwa mwana akimtii mama yake nani atamlaumu? Ningehama mwisho wa wiki. Ningehama nikiwa bibi, na huko Baba Dogo ningeendelea kuwa bibi, na mama angebaki Makongeni akiwa mke wa mtoto wangu. Haya yote niliyaona, tena kwa uwazi, na bado nikafungua kinywa.

"Mwanangu," nilianza.

"Nyamaza," mama akasema.

Hakuwa amewahi kuniambia hivyo kabla ya siku ile. Alikuwa amekaa karibu na mlango wa jikoni, kikombe mkononi, mahali alipokaa miaka yote mazungumzo yalipokuwa ya mama na mwanawe. Aliweka kikombe chini akamgeukia baba.

"Mama yako tulimzika," alisema. "Mimi nilikuwepo. Niliwapikia waliochimba kaburi. Huyu hapa nilimzaa mimi, na ni mtu mzima, na anataka chumba. Usimtafute mama yako kwa mtoto wangu."

Kisha akalitaja jina langu. Alilitaja lote, kwa sauti ya kawaida, mbele ya mumewe, jina ambalo mdomo wake haukuwa umelitamka tangu siku alipoolewa. Baba alivuta miguu yake nyuma kana kwamba mtu amemwaga maji ya moto sakafuni. Mama aliniangalia. Aliniangalia usoni, kwa makini, kama unavyomwangalia mtu uliyeishi naye nyumba moja bila kuzungumza naye, na niliona kwamba anaogopa bado, lakini haondoi macho.

Nililia. Sikulia kwa adabu. Kamasi zilinitoka, na mama akanipa pindo la leso yake. Baba alisema, "Basi," akachukua kofia yake, akaenda kutembea kando ya reli, na hakurudi mpaka chai ya jioni.

Zile kurasa kumi nilizifuta. Mahali pake niliandika aya moja: kwamba mama hamtazami bintiye, kwamba riwaya haisemi kwa nini, na kwamba msomaji anayejua kwa nini ana habari aliyoipata kwingine. Msimamizi alipigia mstari sentensi ya mwisho, akaandika pembeni kwamba inatosha. Nilikuwa na hamu ya kuongeza kwamba nadharia yetu imezoea nyumba ambamo mtoto ni mtoto na mzazi ni mzazi, na haijui la kufanya na nyumba ambamo mama mkwe amezaliwa upya akiwa na njaa ya maziwa. Sikuongeza. Nilikuwa na tarehe ya mwisho, na nilikuwa nimeanza kujifunza kuacha.

Nilihama Jumamosi iliyofuata. Baba alitafuta mkokoteni, akaupakia mwenyewe: godoro, meza, katoni mbili za vitabu, stovu. Alifunga kamba kwa mafundo ya mtu wa mizigo, akayajaribu moja moja. Mama alinifungia ndengu ndani ya gazeti, akanishika kichwa kwa mkono mmoja, akasema hizo nywele zangu zinahitaji mtu, nije siku ya Jumamosi. Kisha akaingia ndani. Nilikuwa na furaha, na sikuwa nimejitayarisha kwa kilichofuata.

Baba alisimama karibu na gurudumu, akipangusa mikono kwenye suruali.

"Sasa nikuiteje?" akauliza.

Hakuwa na hasira. Aliuliza kama karani anayetaka kujaza fomu sawasawa. Nilikuwa nimeandika kurasa mia na ushee juu ya utambulisho wa mwanamke, na sikuwa na jibu. Jina langu lilikuwa la mama yake, na mwana hamwiti mama yake kwa jina. "Mwaitu" lilikuwa limekwisha kuondolewa mezani, tena kwa haki. Nikamwambia ajaribu jina la ubatizo. Alilitamka mara moja, polepole, kama anayesoma lebo ya mzigo wa mtu mwingine, kisha akatikisa kichwa. Nilimhurumia kwa moyo wangu wote. Nilikuwa nimepata mama wiki ile, naye alikuwa amefiwa na wake mara ya pili, na hakukuwa na matanga wala mtu wa kumpa pole.

Aliishi miaka mingi baada ya siku ile. Tulipendana, na kila alipopata nafasi alikuja Baba Dogo kunitembelea, akala, akaniuliza habari za shule. Lakini hakuniita tena kwa jina lolote. Akitaka kusema nami, alisubiri mpaka nimtazame.